Mwiko Kwanza, Maonyesho Baadaye: Kwa Nini Vyama vya Uchongaji Vinakimbiwa

UTANGULIZI

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii kila mmoja wetu ameiandika katika insha, pengine mara kumi, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuunda kitu kikaelea, au hata kikasimama mezani bila kuanguka? Wapenzi wasomaji, walimu wetu waheshimiwa na wanafunzi wenzangu, katika makala haya nimeamua kuzungumzia jambo lililo karibu nasi sana hata hatulioni. Jambo lenyewe ni kufifia kwa vyama vya uchongaji na maonyesho yake.

Nianze na hali ilivyo hapa kwetu. Shule yetu ni ya kutwa, na wengi wetu tunapita Changamwe asubuhi na jioni, mahali ambapo sauti ya tezo husikika kabla hujamwona mchongaji. Hata hivyo chama chetu cha uchongaji kiko hoi. Daftari la zamani la chama lina majina yaliyojaza kurasa mbili. La mwaka huu lina majina manne, na mawili kati ya hayo ni ya watahiniwa wa kidato cha nne. Kanuni ya shule ni kwamba chama kisichofikisha wanachama kumi hakipewi mlezi wala pesa. Tusipofika kumi, mwakani kibanda chetu kitakuwa stoo ya madawati mabovu.

Kila ninapouliza sababu, napewa majibu mawili. La kwanza, ati vijana wa siku hizi ni wavivu. La pili, ati ni simu. Majibu haya ni mepesi mno. Mvivu gani anayebaki shuleni mpaka saa kumi na mbili jioni akifanya mazoezi ya tamthilia, kisha atembee hadi nyumbani? Wanafunzi hao hao wanaoitwa wavivu ndio wanaokesha wakikariri mashairi ya tamasha. Basi lazima kuwe na sababu nyingine. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba tumeondoa hatua za mwanzo. Tunamtaka mwanafunzi apeleke kinyago kwenye maonyesho, lakini hatumpi nafasi ya kuchonga mwiko. (Nasema mwiko wa kusongea ugali, si ule wa kukatazwa!)

1. UCHONGAJI NI NINI?

Kuchonga ni kuondoa. Mfinyanzi huongeza udongo, na akikosea hubandika mwingine. Mchongaji hupunguza, na alichokiondoa hakirudi tena. Kwa hiyo kazi yake huanzia kichwani kabla ya kufika mkononi.

Tusichanganye watu watatu ambao ni kama ndugu. Seremala huunganisha vipande vya mbao kwa misumari na gundi akapata meza au dirisha. Mchongaji hukitoa kitu kizima ndani ya gogo moja, kama vile twiga, kinu au kigoda. Mtia nakshi naye huchora maua na mapambo juu ya ubao kisha akayachimba, kama tunavyoona katika milango ya Lamu na ya Mji wa Kale hapa Mombasa. Ukisimama mbele ya mlango wa aina hiyo, tazama miimo yake miwili, kizingiti cha juu, na mfaa ulio katikati. Hapo ndipo nakshi nyingi hukaa.

Haya ni baadhi ya maneno ambayo kila mwanachama anapaswa kuyajua:

Tezo: chombo mfano wa jembe dogo sana chenye makali. Hutumika kupunguza gogo hadi umbo lianze kuonekana.

Patasi: chuma bapa chenye makali mwishoni. Hugongwa polepole ili kuchimba au kukata pembe.

Bobari: patasi yenye makali yaliyopinda. Ndiyo ya kuchimbia sehemu za ndani, kama shimo la upawa.

Tupa: chuma chenye meno madogo cha kusawazishia palipokwaruza.

Msasa: karatasi yenye mchanga ya kulainishia. Huanzwa ule mkali, humalizwa na ule laini.

Mwanagenzi: mtu anayejifunza kazi kwa fundi.

Jambo lingine la msingi ni mistari ya mti. Mti una mistari inayokwenda kwa urefu, kama nyuzi za kitambaa. Ukichonga kwa kuifuata, mti hukutii. Ukienda kinyume chake, unapasuka, tena mahali ambapo hukutaka. Vilevile mti mbichi ni rahisi kuchonga, lakini ukikaushwa juani kwa haraka hufanya nyufa. Mafundi huuacha ukauke polepole kivulini. Kwa hiyo mchongaji asiye na subira huadhibiwa na mti wenyewe, hata mwalimu wa zamu hana haja ya kuja.

2. HISTORIA FUPI: MTU MMOJA ALIYEKETI AKATAZAMA

Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani vitu vya matumizi, kama vile vigoda vya miguu mitatu, vijiko na mizinga ya nyuki. Lakini biashara ya vinyago tunayoiona leo ina chanzo kinachojulikana. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, Waafrika wengi walichukuliwa kwenda Tanganyika. Mmoja wao alikuwa Mutisya wa Munge kutoka Wamunyu, Machakos. Huko aliwaona wachongaji wa Tanganyika wakifanya kazi, akajifunza kwao. Vita vilipokwisha alirudi kwao Wamunyu na ujuzi huo mkononi, akaanza kuchonga na kuuza.

Jamaa zake walijifunza kwake. Majirani wakajifunza kwa jamaa zake. Baadaye wachongaji wakahama na tezo zao wakifuata wanunuzi, wakafika Gikomba jijini Nairobi, Malindi, na hapa Changamwe. Mwaka wa 1963, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru, chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilianzishwa hapa Mombasa, na mpaka leo kiko kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege. Katika miaka ya tisini watafiti walikadiria kwamba Kenya nzima ilikuwa na wachongaji wapatao 60,000.

Hebu tutue kidogo hapa. Kutoka mtu mmoja hadi elfu sitini! Wala hakukuwa na shule, cheti, wala karo. Kulikuwa na mtu anayechonga na mwingine anayeketi karibu naye akitazama. Huo ndio mnyororo wa kazi hii, na mnyororo hukatika palipo na pete dhaifu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba chama chenye watu wanne hakina maana, mimi humuuliza, je, Wamunyu walianza wangapi?

3. NILIYOYASIKIA KWA FUNDI

Likizo ya Aprili nilikwenda Changamwe kumhoji fundi mmoja mzee. Hakutaka jina lake liandikwe, nami nimeheshimu ombi lake. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, gogo kalibana kati ya nyayo zake, na machicha ya mti yamemfunika hadi magotini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wataka kununua ama kutazama?"

"Kujifunza."

Akacheka, kisha akanisogezea gunia nikalie. Nikamwuliza yeye alijifunza vipi.

"Zamani hakuna wa kukufundisha kwa mdomo," akasema. "Waketi, wapewa msasa. Wasugua masikio ya ndovu mpaka vidole viwake moto. Baadaye wapewa tupa. Halafu miguu. Kichwa hupewi ng'o, mpaka fundi aone mkono umetulia."

"Na siku hizi babu, wanagenzi wako wapi?"

Akanyamaza akipunguza shingo ya twiga. "Mwanangu mwenyewe ana pikipiki. Jioni arudi na pesa mkononi, hata kama ni kidogo. Mimi huyu twiga nimeanza juzi, na huenda akakaa dukani mpaka Krismasi. Siwezi kumlaumu. Vijana hawakukimbia kazi, mjukuu wangu. Wamekimbia kungoja."

Wenzangu, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Wamekimbia kungoja! Kijana mwenye familia hawezi kusugua masikio ya ndovu miezi sita bila kulipwa. Lakini mwanafunzi je? Sisi tunakula nyumbani kwa wazazi wetu. Hatumtegemei twiga atulipie kodi ya nyumba. Shule ndiyo mahali pekee palipobaki ambapo mtu anaweza kuchonga vibaya kwa mwaka mzima na asilale njaa. Ikiwa pete ya kwanza ya mnyororo imekatika kule kwa mafundi, basi inaweza kuungwa upya hapa. Ndiyo sababu kufungwa kwa chama cha uchongaji si jambo dogo la kibanda na madawati.

4. SABABU ZA KUPUNGUA KWA WANACHAMA

(a) Mtihani

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, shule za msingi zilifundisha Sanaa na Ufundi, na somo hilo lilitahiniwa. Wazazi wetu wanakumbuka kubeba vikapu, mikeka na vijiko walivyotengeneza kupeleka shuleni. (Wengine walinunua sokoni wakasema wametengeneza wao, lakini hayo tuwaachie wenyewe.) Mtaala ulipopitiwa upya mwaka wa 2002, masomo ya kutahiniwa yalipunguzwa yakabaki matano, na Sanaa na Ufundi ikaachwa nje ya mtihani. Sote tunajua kinachotokea kwa somo lisilotahiniwa: kipindi chake hugeuka kuwa cha Hisabati.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi alifika kidato cha kwanza bila kushika patasi hata siku moja. Mtaala mpya wa umilisi umerudisha sanaa darasani, na sekondari ya juu ina mkondo wa Sanaa na Michezo. Hilo ni jema. Lakini mtaala ni karatasi, nayo karatasi haichongi. Mti hauendi ila kwa nyenzo.

(b) Miti

Vinyago vizuri vya zamani vilitokana na mpingo na muhugu. Miti hii ni migumu na hung'aa ikisuguliwa, lakini hukua polepole mno. Mpingo huhitaji miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa. Mchongaji hummaliza kwa siku chache mti uliopandwa kabla babu yake hajazaliwa. Msitu ukakatwa kuliko unavyoota, miti ikawa adimu na bei ikapanda. Mnamo Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na kila mtumiaji wa mti akaonja makali yake.

Lakini hapa pana somo. Mafundi wengi wamehamia mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti inayokua haraka na inayopatikana mashambani na hata nyuani mwetu. Kwa hiyo mwanachama anayesema hakuna mti wa kuchonga, na nyumbani kwao mwembe umekatwa tawi juzi, huyo ana lake jambo.

(c) Soko

Vinyago vyetu vilichongwa kwa ajili ya watalii. Mtalii asipokuja, tezo hulala. Bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, shambulio la Kikambala mwezi wa Novemba 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na ugonjwa wa korona mwaka wa 2020, kila moja liliwafukuza wageni na likawafunga wachongaji mikono. Mzazi aliyeyaona hayo humwambia mtoto wake, "Soma, usije ukawa kama mimi." Mzazi huyo anampenda mtoto wake. Hata hivyo mtoto husikia kwamba kazi ya mikono ni adhabu ya aliyeanguka mtihani.

Tena tumesahau kwamba sisi wenyewe ni wanunuzi. Nyumba gani hapa Pwani haina mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi, mwiko au upawa? Vyote hivyo vimechongwa, na soko lake halitegemei ndege kutua.

(d) Wasichana wameachwa nje

Jambo hili nalisema kwa sababu linanihusu. Kwa desturi uchongaji umekuwa kazi ya wanaume. Akina mama na watoto hupewa kazi ya kusugua msasa na kupaka nta. Nilipojiandikisha kidato cha kwanza, watu waliniuliza kama nimekosa chama. Nikawajibu kwamba tezo haiulizi ni nani anayeishika. Shule yetu ni ya mseto, na nusu ya wanafunzi ni wasichana. Chama kinachowaona wasichana kama wapiga msasa tu kimejinyima nusu ya wanachama, kisha kinalia kwamba watu hawaji.

5. MAONYESHO YENYEWE YANA LAWAMA GANI?

Tazameni tamasha za muziki na za drama. Mwanafunzi huanza chini, akishinda anapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwishowe hufika taifa. Kila ngazi ina waamuzi wanaomweleza alipokosea. Anayeshindwa leo anarudi nyumbani akijua la kurekebisha mwakani.

Mchongaji wa shule hana ngazi ya namna hiyo. Yeye hupata meza katika maonyesho ya kilimo, au pembeni siku ya wazazi. Kinyago chake huwekwa kati ya maboga na mashine ya kusaga. Watu wanapita, wanagusa, wanasema "Kizuri," basi. Hakuna anayemwuliza alitumia mti gani, wala kwa nini mguu wa nyuma ni mfupi. Jioni anakifunga katika gazeti anarudi nacho. Mwaka unaofuata haji, nasi tunasema vijana wamepoteza hamu.

La pili, maonyesho yanatukuza kitu kikubwa kilichokamilika. Katika onyesho moja nilimwona simba aliyeng'aa kama kiatu cha askari, amewekwa kama kazi ya wanafunzi. Nilipoinama kumtazama vizuri, chini ya tumbo lake nikakuta kibandiko cha bei cha duka! Sitataja ilikuwa meza ya nani. Lakini fikiria mwanafunzi aliyesimama meza ya pili na ndege wake mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo, ambaye amemchonga mwenyewe kwa wiki sita. Simba akapata sifa, ndege akapata kicheko. Mtoto huyo atarudi tena kweli?

Kwa maoni yangu, maonyesho yanapopungukiwa na watu tusikimbilie kuongeza zawadi. Zawadi kubwa humleta mnunuzi wa simba. Anayepaswa kuvutwa ni yule wa ndege.

6. TUFANYE NINI? MPANGO WA MIHULA MITATU

Kulalamika hakujengi, kwa hiyo natoa mpango ambao hata chama cha watu wanne kinaweza kuuanza bila kungoja pesa.

Muhula wa kwanza: mwiko. Kila mwanachama achonge mwiko mmoja kwa mti wa mwembe. Mwarobaini tuuache kwa vinyago, maana uchungu wake unajulikana na hakuna mama atakayetaka kuujaribu katika sufuria yake. Mwiko unafundisha mambo matatu: kufuata mistari ya mti, kupunguza pande mbili zilingane, na kusugua msasa mpaka mkono usikwaruzwe. Vyombo ni shoka dogo la kupasulia, kisu kikali na msasa. Mwiko ukiharibika unakuwa kuni, hasara yake ni ndogo. Ukifaulu, unapelekwa nyumbani na kutumika jioni hiyo hiyo. Hapo mwanafunzi hakungoja Krismasi.

Muhula wa pili: upawa au bakuli dogo. Hapa ndipo bobari inapoingia, kwa sababu lazima kuchimba ndani bila kutoboa upande wa pili. Mwanachama ajifunze pia kukausha mti kivulini. Chombo kimoja kinaweza kutumiwa na watu watatu kwa zamu, mmoja akichimba, wa pili akisugua, wa tatu akichora umbo linalofuata.

Muhula wa tatu: ndege au mnyama mdogo, usiozidi urefu wa kiganja. Huu ndio wakati wa maonyesho, na maonyesho yawe yetu wenyewe kwanza, hapa hapa shuleni. Kila mwanachama aweke mezani vitu vyake vitatu kwa mpangilio: mwiko, upawa, ndege. Mtazamaji aone safari nzima badala ya mwisho wake tu. Kuwe na kipande ambacho hakijakamilika, na patasi pembeni, ili anayetaka ajaribu mbele ya watu. Tena pawe na fundi mmoja kutoka Changamwe wa kutuambia kwa upole tulipokosea. Usafiri wake ni nauli ya matatu tu.

Usalama nao tusiusahau. Chonga ukielekeza makali mbali na mwili wako. Usiweke mkono mbele ya patasi. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu hukulazimisha kutumia nguvu, kisha huteleza. Vumbi la mti lisivutwe puani, kwa hiyo funga kitambaa unaposugua. Wazazi wengi wamewakataza watoto wao kujiunga kwa kuogopa majeraha, na hofu yao ina haki. Tutaiondoa kwa kuwaonyesha kanuni zikifuatwa.

Mwisho wa mpango, kila mwanachama apande mti. Mwarobaini mmoja kwa kila jina lililo daftarini. Hatutauchonga sisi, lakini kuna mtu alitupandia huu mwembe tunaouchonga leo.

TAMATI

Waswahili hunena, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Meza tupu kwenye maonyesho si mwisho wa uchongaji. Uchongaji huisha siku ambapo fundi wa mwisho ataketi na hapana mtu aliyekalia gunia pembeni mwake. Siku hiyo haijafika. Wazee bado wapo Changamwe, Wamunyu na Lamu, na mikono yao ingali inafanya kazi.

Kwa wasimamizi wa shule, ombi letu ni dogo: tupeni mihula mitatu kabla ya kuleta madawati. Kwa walimu, kipindi kimoja tu cha Ijumaa kisichukuliwe na marudio ya mtihani. Kwa wanafunzi wenzangu, chama hukutana kila Jumatano saa kumi kasorobo, nyuma ya maabara. Njoo na tawi la mwembe kama unalo. Usipokuwa nalo, njoo na mikono. Hatutakuuliza kama unajua kuchonga. Tunahitaji watu sita.

MASWALI YA KUJADILI

1. Fundi alisema vijana "wamekimbia kungoja." Je, ni mambo gani mengine katika maisha ya mwanafunzi ambayo tumeyaacha kwa sababu ya kukimbia kungoja?

2. Somo lisilotahiniwa hupuuzwa. Je, dawa ni kulitahini, au kubadili tunavyofikiri kuhusu mtihani? Toa sababu zako.

3. Taja vitu vitano nyumbani kwenu vilivyochongwa kwa mti. Eleza ni vipi kati ya hivyo ambavyo wewe ungeweza kujifunza kuvichonga.

4. Ikiwa ungekuwa mwamuzi wa maonyesho, ungempa nani tuzo, mwenye simba asiye na kasoro ambaye hawezi kueleza alivyomchonga, au mwenye ndege wa mdomo uliopinda? Jadilianeni darasani, lakini msipigane!